Simu Mkononi Haijamfundisha Mtu Kutafuta

Kauli hii nimeisikia mara nyingi hata naweza kuitabiri kabla msemaji hajafungua kinywa: "Maktaba ya nini tena siku hizi, wakati kila kitu kimo kwenye simu?" Nimeisikia kwenye vikao vya bajeti, kwenye korido za wodi, hata kwenye sherehe za mahafali. Mara ya mwisho aliitamka daktari bingwa ninayemheshimu sana, tulipokuwa tunajadili kama mafunzo ya kutafuta na kupima machapisho yabaki kwenye ratiba ya wanafunzi wa afya au yaondolewe yapishe somo jingine. Aliisema bila ubaya wowote. Akanyanyua simu yake juu tuione sote, na wengi waliokuwa mezani wakaitikia kwa kichwa.

Mimi ni mkutubi. Nimefanya kazi kwenye maktaba ya chuo cha afya kwa miaka 19, na namwandikia daktari yule pamoja na wote walioitikia, kwa sababu naamini wamekosea, na anayekuja kulipia kosa hili ni mgonjwa ambaye hakuwepo kwenye kikao.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Jioni moja ya Machi, maktaba imebaki na watu wachache, alikuja dawatini kwangu mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Mkononi alikuwa na andiko lake la utafiti lililorudishwa na msimamizi, na pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu maneno matatu: Hakiki rejea zako. Mada yake ilikuwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya akina mama hapa kwetu. Mwishoni aliorodhesha rejea 22, zimepangwa vizuri: majina ya waandishi, mwaka, jarida, toleo, kurasa, nukta na mikato mahali pake. Ukizitazama kwa mbali unampa maksi zote.

Tukaanza kuzitafuta moja moja. Ya kwanza ipo. Ya pili ipo, lakini inazungumzia upungufu wa damu kwa watoto, haina habari yoyote ya uzazi. Ya tatu, jarida ni la kweli, mwaka ni wa kweli, mwandishi ni mtu wa kweli anayejulikana kwenye fani. Tulipofungua toleo lile na ukurasa ule tukakuta makala nyingine kabisa ya watu wengine. Tukamtafuta mwandishi kwa jina lake. Ameandika mengi, hiyo hajawahi kuiandika. Hadi saa moja usiku tulikuwa tumemaliza orodha. Rejea 9 kati ya zile 22 hazipo duniani. Nyingine 4 zipo, ila hazisemi kile ambacho andiko limedai zinasema. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka, na feni inazunguka juu yake.

Hakuwa mlaghai. Aliiuliza programu ya akili mnemba, ikamjibu kwa Kiingereza safi, akaamini. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye hata nusu saa akamweleza jinsi programu hizo zinavyofanya kazi: zimepitishwa kwenye maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani, na ukiziomba rejea bila kuzielekeza kwenye machapisho yenyewe zinaweza kukutungia kitu chenye sura ya rejea, kwa kuwa sura ndiyo zinayoijua. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 nimeletewa orodha za namna hii kila muhula. Wanaozileta ni wanafunzi wenye bidii. Wamefundishwa mishipa na neva hadi za vidole, wanajua dozi kwa kichwa. Kutafuta maarifa ndiko hawakufundishwa, kwa sababu wakubwa wao walikata shauri kwamba mwenye simu amekwisha kujua.

Kesho yake alirudi, na safari hii tukakaa kutafuta. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha PubMed, kanzidata ya machapisho ya tiba, alikuwa ameandika sentensi nzima, kama mtu anayemuuliza jirani. Nikamwomba aipasue vipande. Unamzungumzia nani? Mwanamke aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Anafanyiwa nini? Unakilinganisha na nini? Unatazamia matokeo gani? Alipopata vipande vyake vinne, tukaviandikia kila kimoja majina yake yote, na hapo ndipo watu wengi hupotea bila kujua kwamba wamepotea. Waingereza huandika haemorrhage, Wamarekani huandika hemorrhage. PubMed hujitahidi yenyewe kuoanisha tahajia hizo, lakini kanzidata nyingine hazifanyi hivyo, na herufi moja tu ikikutoroka inaweza kuondoka na makala nyingi usizoziona. Nikamwonyesha MeSH, orodha ya istilahi ambayo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imeitunza tangu 1960, ambamo kila jambo la tiba limepewa jina moja rasmi, na makala huambatishiwa jina hilo hata kama mwandishi wake alitumia jingine. Nikamwonyesha kazi ya yale maneno mawili madogo, AND na OR, moja linabana na jingine linapanua. Alikuwa ameyatumia kinyume.

Haikupita saa moja akaipata makala ya jaribio la E-MOTIVE, iliyochapishwa 2023. Jaribio lile lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, likahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Mama aliyejifungua anatandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, damu inakusanyika humo, mkunga anaona kwa macho imefika wapi badala ya kukisia kwa kutazama shuka. Ikifika alama ya hatari, matibabu yote yanatolewa kwa mkupuo, hayangojani. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, wanawake waliopatwa na damu nyingi ya kutisha, au waliolazimika kupasuliwa kwa ajili ya damu, au waliokufa kwayo, walikuwa asilimia 1.6. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 4.3.

Andiko la kijana yule halikulitaja jaribio hilo hata mara moja. Lilikuwa na rejea 22, na kazi iliyofanywa kwenye hospitali za nchi yake, juu ya mada yake mwenyewe, haikuwemo. Nawaomba walioitikia kwa kichwa walifikirie hilo kwa utulivu. Simu alikuwa nayo, bando alikuwa nalo.

Najua jibu linalofuata: programu zitaboreshwa, uzushi wa rejea utakwisha. Na mimi natumaini utakwisha. Lakini rejea za uongo ni ugonjwa mwepesi, kwa sababu mtu makini akizifuata anazigundua. Ugonjwa mzito ni rejea isiyokuwepo kwenye orodha. Hiyo haina alama nyekundu wala haimtoi mtu jasho, kwani hakuna anayejua kwamba imekosekana.

Kuna tukio ambalo wakutubi wa tiba huwasimulia wanafunzi wao, na ningependa kila anayesema "kila kitu kimo" alisikie. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, watafiti walitaka kujua mapafu ya mtu mzima asiye na maradhi yanavyojilinda njia zake za hewa zisibane. Wakawavutisha watu waliojitolea dawa iitwayo heksametoniamu, iliyowahi kutumika zamani kutibu presha. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, fundi wa maabara papo hapo chuoni. Aliivuta mwanzoni mwa Mei. Akaanza kukohoa, akalazwa, mapafu yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki dunia. Uchunguzi ulipofanyika, ikabainika kwamba mtafiti mkuu alikuwa ametafuta habari za madhara ya dawa ile kwenye PubMed na kwenye vitabu vya kawaida, hakuona cha kumtia hofu. Wakati ule PubMed ilikuwa inaanzia 1966. Makala zilizoeleza madhara ya dawa ile kwenye mapafu ziliandikwa miaka ya 1950. Zilikuwepo maktabani, kwenye faharasa za karatasi. Julai mwaka huo serikali ya Marekani ikasimamisha karibu tafiti zote za chuo kile zilizohusu binadamu na kugharamiwa na fedha zake.

Mtafiti yule hakuwa mvivu, na chuo kile ni miongoni mwa vyuo vikubwa vya tiba duniani. Alitafuta. Lakini hakuujua mpaka wa chombo alichotafutia, akadhani ukimya wa chombo ni ushahidi wa usalama. Kumbukumbu za PubMed zilisogezwa nyuma baadaye hadi miaka ya 1940, lakini kila chombo kina mpaka wake, cha leo pia. Mkutubi aliyesomea kazi hii anajua mipaka hiyo kama dereva wa basi anavyojua madaraja ya njia yake. Ndiyo taaluma yenyewe. Kugonga mihuri na kupanga vitabu rafuni ni sehemu yake ndogo sana.

Na mpaka unaotuumiza sisi watu wa Afrika Mashariki ni huu: mengi yaliyoandikwa juu ya maradhi yetu, hapa hapa kwetu, kwenye simu hayaonekani kirahisi. Kuna tasnifu za wahitimu wetu zilizolala kwenye makabati, ripoti za hospitali za mikoa, majarida ya kanda ambayo kanzidata kubwa hazikuyaingiza yote. Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika lilianzisha faharasa ya machapisho ya tiba ya Afrika kwa sababu hiyo hiyo, na mara nyingi nikiitaja darasani naangaliwa kama mtu anayesimulia habari za mbinguni. Nawakumbusha wanafunzi habari za Kampala. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto 38, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Swali likabaki: ugonjwa huu ni mpya, au ulikuwepo watu wakaupita tu? Katika hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, majalada ya wagonjwa yalikuwa yametunzwa tangu siku za mwanzo. Watafiti wakayapitia yote hadi ya 1956, na mwaka 1964 wakachapisha picha ya saratani katika jamii moja ya Kiafrika kwa karibu miaka 60. Uvimbe ule wa taya ulikuwemo humo tangu zamani. Wangejuaje, kama mtu fulani asingeyatunza majalada, na mwingine asingejua pa kuyatafuta?

Nirudi kwa wanafunzi wetu, maana wana maktaba nyingine isiyo na mkutubi, nayo ni desa. Muhtasari unaandikwa na mwanafunzi hodari wa mwaka fulani, unapelekwa stesheneri, unatolewa kopi, unapita mkono kwa mkono, na siku hizi unatumwa kwa simu. Sina ugomvi na desa. Kaka akimwachia mdogo wake muhtasari mzuri amemtendea wema. Shida yake ni kwamba desa halizeeki machoni pa msomaji. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uliolinganisha kwinini na artesuneti kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo mwaka uliofuata. Miaka mingi baada ya hapo nimeshika kwa mkono wangu desa lililokuwa bado linaanza na kwinini. Mwanafunzi aliyekuwa analisoma alilihifadhi kwenye simu yake. Kwa hiyo ni kweli, kilikuwa kimo kwenye simu.

Mfano mwingine unanikaa moyoni zaidi, kwa sababu ulianzia nyumbani. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, viungo vya baridi, mapigo dhaifu, atundikiwe dripu ya maji mengi kwa haraka. Ilikuwa inaingia akilini, vitabu viliiandika, na Ulaya walifanya hivyo. Ndipo likafanyika jaribio la FEAST katika hospitali sita: moja Kilifi nchini Kenya, moja Muheza mkoani Tanga, na nne Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa maji ya chumvi kwa kasi, wengine albumini kwa kasi, wengine hawakupewa maji ya kasi. Mwanzoni mwa 2011 likasimamishwa kabla ya kufika idadi iliyokusudiwa. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji ya kasi walikuwa wamekufa asilimia 10.5 na 10.6. Katika kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo katika New England Journal of Medicine na kuzua mjadala duniani kote.

Humo mna mafundisho mawili, nami nayafundisha yote mawili kwa kuifungua makala yenyewe mezani. La kwanza ni kwamba hisia ya kitabibu, hata iliyokubaliwa na wakubwa wote, inaweza kuua, na kinachoionyesha ni ushahidi uliotafutwa na kusomwa. La pili limefichika kidogo. Watoto wenye kuharisha hawakuwemo kwenye jaribio lile, wala wenye utapiamlo mkali. Waliondolewa tangu mwanzo kwa masharti ya utafiti. Mwanafunzi anayesoma ikisiri kwa haraka, au anayeiomba programu imfupishie kwa mistari mitatu, anatoka na kauli kwamba maji ya kasi ni hatari kwa watoto wa Afrika. Mpeleke kijana huyo kwenye kambi ya kipindupindu na kauli hiyo kichwani. Mtoto aliyekauka kwa kuharisha anahitaji maji sasa hivi, na kumnyima ni kumwua. Habari ya nani aliingizwa kwenye utafiti na nani aliachwa nje inakaa kwenye sehemu ya mbinu, ile sehemu kavu ambayo wanafunzi huiruka. Kusoma sehemu hiyo kunafundishwa. Sijamwona mtu aliyezaliwa anajua.

Mwenzangu mwingine aliniambia kwamba mwanafunzi hahitaji yote haya, afuate mwongozo wa wizara na maelekezo ya daktari wake, basi. Nakubali kwamba afuate mwongozo, na mimi ndiye niliyeuchapisha na kuuweka kwenye meza ya kila wodi. Lakini mwongozo ule uliandikwa na watu waliokaa wakatafuta, wakalinganisha, wakatupa kilichopitwa na wakati. Watu hao wanastaafu. Watakaoandika mwongozo wa miaka 15 ijayo ndio hawa walio mwaka wa pili leo, na wapo watakaopangiwa zahanati ya mbali ambako daktari wa kuwaelekeza yuko mwendo wa saa nne kwa gari mvua isiponyesha.

Jambo la fedha nalipita haraka, kwa kuwa hoja yake inajibiwa na mambo yaliyo wazi. Husemwa kwamba majarida ni ghali, kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi kutafuta ni kumwonyesha chakula kilichofungiwa kabatini. Ni ghali kweli. Lakini tangu Januari 2002 kuna mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida na vitabu vya afya, na taasisi za nchi kama Tanzania, Uganda na Burundi hazilipi kitu. Mlango wake ni taasisi kujisajili na kupata neno la siri, na anayelitunza mara nyingi ni mkutubi. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa tano waliokuwa wakiomba makala kwa marafiki walioko ughaibuni, au wakilipia kwa fedha ya boom, yaani mkopo wao wa masomo, huku makala hizo hizo chuo chao kina haki ya kuzifungua bure. Waliniuliza kwa nini hawakuambiwa. Nilisema waliambiwa, katika wiki ya mapokezi, siku ya pili, kati ya maelezo ya bima na maelezo ya vitambulisho, wakiwa 300 ndani ya ukumbi mmoja wenye kipaza sauti kibovu. Nilipojisikia nikisema hivyo niliona aibu, kwa sababu aliyekuwa ameshika kipaza sauti ni mimi.

Hapo nakiri jambo ambalo daktari yule angeweza kunirudishia usoni. Sisi wakutubi tumechangia kudharauliwa kwetu. Wapo kati yetu ambao mwanafunzi akiuliza wanamwonyesha rafu kwa kidole bila kunyanyua macho. Wapo waliotumia nguvu nyingi kukagua mabegi mlangoni na kunyamazisha watu kuliko kujifunza jinsi jaribio la kitabibu linavyosomwa. Mkutubi asiyejua tofauti ya utafiti wa kufuatilia watu kwa miaka na utafiti wa kugawa watu kwa kura hawezi kumsaidia mwanafunzi wa afya, na mwanafunzi ana haki ya kumkwepa. Nilipoanza kazi hii nilikuwa hivyo. Nilijifunza kwa kukaa nyuma ya madarasa ya takwimu na epidemiolojia pamoja na wanafunzi, miaka miwili, na naona kila mkutubi wa chuo cha afya angepaswa kulipiwa afanye hivyo. Lakini dawa ya mkutubi dhaifu ni kumwezesha, kama tunavyofanya kwa muuguzi dhaifu na daktari dhaifu. Hakuna aliyewahi kupendekeza kufuta wauguzi kwa sababu baadhi yao hawakupata mafunzo.

Na kazi yenyewe haijafungwa ndani ya kuta za maktaba. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, mkutubi aitwaye Gertrude Lamb alianza kupeleka wakutubi kwenye raundi za wodi. Wanasimama pamoja na timu kitandani pa mgonjwa, wanasikiliza, na swali likizuka ambalo hakuna mwenye jibu lake la hakika, wanalibeba, wanatafuta, wanarudi na ushahidi. Imetimia zaidi ya miaka 50. Mimi nimejaribu jambo hilo kwa udogo wetu, Jumatano asubuhi, wodi moja ya watoto, kwa ruhusa ya daktari mmoja mwenye moyo mpana. Wiki ya kwanza niliogopa hata kusimama karibu na kitanda. Wiki ya tatu intani mmoja alinifuata koridoni na karatasi aliyoikunja mara nne, imeandikwa swali juu ya mtoto wa siku sita aliyekuwa na manjano. Swali lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyoyaona kwenye tasnifu, na hakuwa amethubutu kulisema mbele ya wakubwa. Tulitafuta pamoja wakati wa chai. Alichokipata akakipeleka kwa daktari wake mwenyewe.

Ninachokidai, basi, si jengo jipya wala kompyuta za kifahari. Ratiba ya muhula ujao inapangwa mwezi huu. Nimeomba saa 2 kwa wiki, wiki 10, katika mwaka wa tatu, pale mwanafunzi anapoanza kuingia wodini na maswali yake yana mgonjwa ndani yake. Nimeomba wauguzi, wafamasia na madaktari wakae darasa moja, kwa sababu watafanya kazi wodi moja. Nimeomba akili mnemba ifundishwe humo humo waziwazi, inasaidia wapi na inadanganya wapi, badala ya kupigwa marufuku kwenye karatasi huku kila mtu anaitumia bwenini. Na nimeomba mtihani wake uwe wa vitendo: mwanafunzi apewe kisa cha mgonjwa, aunde swali, atafute mbele yetu, aonyeshe alikotafuta na alikoacha, kisha aeleze utafiti alioupata uliwahusu watu gani na haukuwahusu akina nani.

Mtihani wa namna hiyo unahitaji watahini wawili, mkutubi na daktari. Juzi nimemwandikia barua yule daktari bingwa aliyenyanyua simu yake kikaoni, nikamwomba awe mtahini mwenzangu, na aje nayo.